Siku Nilienda Kumupiga Clarisse na Mwiko

Leo nimepata haya yenye haina dawa. Naandika na mutoto akiwa mugongoni bado. Sijamushusha, juu nikimushusha nitalala chini nilie. Someni, lakini musome na mudomo imefungwa.

Bwana yangu Justin iko fundi wa umeme wa jua. Zamani alikuwa anaendaga kuchimba madini Walikale. Anapotea miezi, anarudi na malaria na hadithi. Tangu tulipohama Kalembe na kufika hapa Shasha, nilimuambia: "Ukirudi tena mu mashimo ya Walikale, utakuta nimeolewa na muvuvi." (Nilikuwa naongea tu. Wavuvi wananuka.) Akabaki, akapata kazi kwa Papa Hangi.

Papa Hangi ni ule tajiri wa Nyamitaba, wa ng'ombe na fromage, ile jibini ya maziwa. Amejenga nyumba hapa Shasha, inaangalia ziwa, vioo kila upande. Leo wageni wanakuja kufungua nyumba, na alimuahidi Justin hivi: "Umeme ukitembea vizuri mbele yao, nyumba yangu ya Nyamitaba nayo utaifanya wewe. Ukinitia haya, tusionane tena." Justin alinirudilia maneno hayo kila siku kama sala. Alijua na mimi nilijua: kazi ya Nyamitaba ikikosekana, ni Walikale tena.

Nikamuuliza, "Hiyo umeme iko na nini ya pekee?"

"Nyumba itakuwa na akili, Mama Plamedi."

"Na wewe je?"

Akakasirika. Akasema siku ya kufungua nitaona mwenyewe. Basi, hakunieleza tena. (Kumbuka hapa vizuri. Akinilaumu kwamba sikusikiliza, nyinyi mujue ni yeye njo hakueleza.)

Sasa, Clarisse.

Jina hilo nilisikia mara ya kwanza siku ya Jumapili. Tumetoka kanisani, tumekula, Justin amesinzia pa kiti na kijiko mukononi. Mara anasema, na sauti tamu sana, sauti yenye sijasikia tangu mahari: "Clarisse, punguza taa."

Punguza taa! Kwetu iko taa moja. Hatupunguzangi. Inazimikaga yenyewe.

Sikumuamusha. Nilikaa namuangalia vile paka anaangalia sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwenye sinia. Nikaanza kuchunguza. Siku ingine, alikuwa anajinyoa mbele ya kioo, nikasikia: "Clarisse, washa. Clarisse, zima. Clarisse... fungua polepole." Kwa Clarisse ni polepole. Kwangu mimi ni "Mama Plamedi, chumvi."

Na hapo njo kulikuwa na kidonda. Nyinyi munajua vile iko huku kwetu. Mwanamuke akisha kuzaa, jina lake linazikwa. Mimi ni Solange. Ni hivyo kwenye bulletin ya shule, ni hivyo kwenye ubatizo, ni hivyo Justin aliimba nyuma ya ukuta wa baba yangu mupaka mbwa ikamufukuza. Plamedi akazaliwa, Solange akakufa. Mama yangu, majirani, pasta, hata Justin mwenyewe, wote ni Mama Plamedi. Sikatai, ni heshima. Lakini mwanamuke mwenye mwanaume anamuita kwa jina tupu ni nani? Ni mwenye hajazaa. Kama hajazaa, ni kijana. Kama ni kijana, tumbo lake ni sawa, maziwa yake yanaangalia mbele, na saa kumi na moja ya asubuhi hakuna mwenye anamulilia mu sikio.

Nilimuchukia Clarisse na moyo wangu wote. Nilimuchukia kwa jina lake.

Na kitu ingine. Justin alianza kuniambia: "Mama Plamedi, usiniandikie message, nikiwa na kazi siwezi kusoma. Nitumie audio." Ah bon? Audio? Nikajiambia huyu anataka Clarisse asikie sauti ya mie bibi yake, wachekeane. Basi, nilimutumia. Nilimutumia zenye ziko na pilipili. "Justin, fungua simu! Washa simu, we Justin! Unazima simu juu ya nini? Zima tena uone!" Hakujibu hata moja. Lakini zote alisikiliza, alama ilikuwa inaonyesha.

Leo asubuhi ameoga mara mbili. Mara mbili! Maji nachota mimi. Amevaa shati nyeupe ya ndoa yetu. Amejipakaa marashi mupaka Plamedi akapiga chafya. Nikamuuliza, na mimi nitakuja saa ngapi? Akasema, "Kuja saa nane pamoja na wageni, Mama Plamedi. Asubuhi niko na kazi ya mwisho, sitaki mutu ndani."

Sitaki mutu ndani. Sawa.

Nikasonga bugali, juu hata mwanamuke mwenye kuonewa anakula. Niko katikati ya kusonga, Mama Riziki anaingia. Mama Riziki ni jirani, anauzaga sambaza, na pamoja na sambaza anatembezaga habari, habari zenyewe ni za bure. Alikuwa ametoka kupeleka samaki kwa Papa Hangi. Akakaa bila kuambiwa. Nikajua kuko neno.

"Mama Plamedi, mie sipendi maneno ya watu."

"Sema."

"Bwana yako iko mu chumba ya kulala ya ile nyumba. Na mwanamuke."

"Ulimuona?"

"Nilimusikia. Anaongea Kiswahili cha puani, kama masista wazungu. Justin anasema neno, yeye anajibu sawa Justin. Anasema neno ingine, sawa Justin."

"Hamubishii?"

"Hata kidogo."

"Hata mara moja?"

"Mama Plamedi, nilikaa pale na beseni ku kichwa mupaka shingo ikauma. Hakubisha hata mara moja."

Hapo njo nilipata uhakika. Bibi wa halali hawezi kusema sawa mara ya kwanza. Sawa ya haraka ni sawa ya malaya.

Nilitoka na mwiko mukononi. Unga bado ilikuwa juu yake. Plamedi nikamufunga mugongoni na kitenge, analala, hajui kama mama yake anaenda vita. Mama Riziki akanifuata. "Mie naenda tu kushuhudia," anasema. (Alikuwa ameacha sambaza kwenye jua. Mujue ginsi alipenda kushuhudia.)

Njiani motard mumoja akasimama na pikipiki: "Mama, nikubebe?" Nikamuangalia. Akaenda.

Zamu, mulinzi wa Papa Hangi, alituona ku mulango mukubwa. Aliona mwiko, akasema, "Aa, nyinyi ni wa jikoni. Pitieni nyuma." Kumbe wageni wameisha kuanza kufika mbele ya saa! Nikaona kando ya nyumba tente, viti vya plastiki, kofia ya pasta, wamama na vitenge vya sherehe. Wote wamekaa wanaangalia dirisha moja kubwa yenye rido, pazia nzito, imefungwa. Nikajiuliza wanaangalia nini. Sikujiuliza sana. Nilikuwa na hasira, na hasira haina nafasi ya maswali.

Nikapita jikoni. Nikapita salon. Mama Riziki akabaki jikoni (kulikuwa na nyama). Nikafika mu kolidoo, nikasikia na masikio yangu mawili, nyuma ya mulango:

"Clarisse, zima taa ya chumba."

"Sawa, Justin. Nimezima taa ya chumba."

Sauti ya ule mwanamuke! Laini, safi, kama mutu mwenye hajawahi kukohoa moshi. Nikaegemea ukuta. Nikasema Mungu wangu, ni kweli. Mupaka pale, munisamehe, sehemu moja ya roho ilikuwa inatumaini Mama Riziki anasema bongo, uongo mutupu.

Nikasukuma mulango kwa nguvu. Giza. Hakuna taa, rido imefungwa, na upande mwingine nikasikia mulango mwingine unajifunga: puu. Justin ametoka! Amekimbia, amemuacha muke wake mudogo peke yake na mimi. Mwanaume ni hivyo.

"Clarisse!" nikalia.

"Nakusikiliza," anajibu. Pale pale! Bila haya!

"Toka!"

"Samahani. Sijaelewa."

"Haujaelewa? Haujaelewa NINI?" Nikaangalia chini ya kitanda, nikatia mwiko ndani, nikapekua. Hakuna. Nikafungua plakari ya nguo: shati za mutu. Nikapapasa nyuma ya mulango. Sauti ilikuwa kama inatoka juu, nikasema huyu malaya amepanda juu ya plakari. Nikapanda juu ya kitanda, na viatu, na mutoto.

"We Clarisse! Unanijua mie?"

Akasema, kama vile tulisoma pamoja:

"Bonjour, Solange."

Ndugu zangu.

Solange! Ameniita Solange! Justin, mwenye hata mimi mwenyewe haniitagi tena hivyo, amechukua jina langu la usichana, amemupa huyu akalitie mu mudomo yake! Pale damu ilipanda. Pale niliongea. Na nitawaandikia vyenye niliongea, juu kila mutu wa Shasha amekwisha kusikia, kuficha ni kazi bure.

Nikasema: "Unamutaka Justin? Mukamate! Lakini ujue kwanza! Ule mwenye unaambiaga sawa, sawa, anakoromaga kama motopompe! Kalisoni zake, nguo za ndani, mimi njo nafuaga, na ile ya leo iko na matobo! Miguu anaoga mupaka nimukumbushe! Walikale alikuwa analia akinikumbuka, mutu muzima, analia kwenye simu na kamasi! Ule njo mwanaume unaniibia! Nimemutunza mie, nimemurudisha mie, haendi tena mu shimo juu yangu mie, na wewe unakuja kukaa ndani ya vioo kusema sawa! Fungua, nikuone sura! Fungua, nasema! FUNGUA!"

"Sawa, Solange," akasema Clarisse. "Nafungua rido."

Na rido ikafunguka.

Yenyewe. Polepole. Na muziki kidogo.

Mwangaza ukaingia. Nje ya dirisha: tente. Pasta. Papa Hangi na bibi yake. Wamama wote wa vitenge vya sherehe. Hata mbuzi ya kuchinja. Wote wanaangalia dirisha, na mu dirisha niko mimi, juu ya kitanda ya Mama Hangi, kilemba imeanguka, mutoto mugongoni, mwiko juu. Unga ikanidondokea ku pua.

Na kando ya tente, bafle mbili kubwa za sauti. Justin aliziweka huko ili wageni wote wasikie vizuri sauti ya nyumba. Zilikuwa zinatoa kila kitu. Nilijua juu nilisema tu "Eeh Yesu", na "Eeh Yesu" ikarudi kutoka bustanini, kubwa kuliko yangu.

Na Justin alikuwa amesimama mbele yao wote, na shati nyeupe ya ndoa. Aliangalia suruali yake kama vile matobo inaonekana mupaka nje.

Hakuna mwenye alicheka kwanza. Hiyo njo mubaya zaidi. Halafu pasta akakohoa, akafunika uso na Biblia, na Biblia ikaanza kutetemeka.

Plamedi akaamuka. Akaona watu wengi. Akapiga makofi.

Nikashuka kitandani, nikatoka kupitia mulango wa bustani, juu jikoni kulikuwa Mama Riziki anakufa na kicheko. Nikamuambia Justin kwa sauti ya chini, "Iko wapi?"

"Nani?"

"Clarisse."

Akanionyesha, kupitia dirisha, kisanduku cheusi juu ya ukuta wa chumba, kidogo kama mukate. "Njo hii. Ni nyumba, Mama Plamedi. Nyumba njo inaitwa Clarisse. Bibi ya patron njo alichagua jina. Unaongea, inasikia sauti, inajua ni sauti ya nani, inafanya."

"Na inanijua mie ginsi gani?"

Justin akaangalia chini. Akasema polepole, lakini wote walisikia. Papa Hangi alitaka nyumba isikie Kiswahili chetu, na itambue sauti ya mwanaume na ya mwanamuke. Mama Hangi alikuwa Goma, hakupata nafasi ya kuja kuifundisha. Kwa hiyo yeye, Justin, akaweka kwanza sauti ya mwanamuke mwenye alikuwa nayo karibu. Kwenye simu. Kwenye audio. Fungua simu. Washa simu. Zima tena uone.

"Na jina?" nikamuuliza. "Ju ya nini haukuandika Mama Plamedi?"

"Mashini iliniuliza, huyu ni nani." Akakuna shingo. "Mie nikaandika Solange. Nilikuwa peke yangu. Nikaandika vile ninakuitaga mu roho."

Mie hapo nilitaka kumupiga na mwiko na kulia pamoja. Nilibaki nimeshika mwiko tu.

Papa Hangi alikuwa hajasema neno. Ni mutu munene, akinyamaza hata ng'ombe zinanyamaza. Justin alikuwa anamuangalia, na mimi nilikuwa naona Walikale mu uso wa Justin: matope, shimo, miezi. Nikajua ni mimi njo nimemurudisha huko. Na mwiko wangu.

Nikapiga magoti. "Patron, hasira yako uiweke kwangu. Kazi ni nzuri. Mashini imetembea. Mujinga ni mimi."

Akanielekezea kidole, akasema, "Arudilie."

"Patron?"

"Wageni wangu walikuja kuona kama nyumba inasikia. Arudilie."

Basi nikarudi mu chumba, Justin na Papa Hangi nyuma yangu, nikasimama mbele ya ule mukate mweusi. Na heshima, na sauti ya kanisa, nikasema: "Clarisse, tafazali, washa taa."

"Sauti haitambuliwe."

Nikarudilia, laini zaidi. "Sauti haitambuliwe."

Jasho ikaanza kumutoka Justin. Akaniinamia sikioni. "Mama Plamedi, kasirika kidogo. Audio zote ulinitumia, hakuna yenye haukukasirika. Haijui ile sauti yako ingine."

"Iko sauti ingine?" Papa Hangi akauliza.

Nikamuangalia Justin. Nikakumbuka "punguza taa." Nikakumbuka kuoga mara mbili na maji yenye nilichota.

"WE CLARISSE! WASHA TAA!"

"Sawa, Solange. Nimewasha taa."

Nyumba nzima ikawaka, saa saba ya muchana. Wageni wakapiga kelele. Pasta akaacha Biblia ianguke. Walinifanyisha kufungua, kufunga, kuwasha, kuzima, mupaka sauti ikakauka, na kila mara mwanamuke ule ananijibu sawa Solange, sawa Solange. Mu miaka yote ya ndoa sijawahi kutiiwa vile.

Papa Hangi alicheka mupaka wakamuletea maji. Akamupa Justin mukono: Nyamitaba ni yako. Lakini Mama Hangi akasimama. Yeye hakucheka.

"Nyamitaba atafanya," akasema. "Lakini leo hii, kabla niende, atoe sauti ya huyu mwanamuke mu nyumba yangu. Sitaki siku moja apite barabarani anagombeza mbuzi, na rido zangu zifunguke nikiwa naoga."

Nikarudi kwangu na miguu. Mama Riziki alikuwa amekwisha kufika sokoni mbele yangu, sijui ginsi gani na mwili ule. Wauzaji wote wa mihogo: "Clarisse, fungua!" Motard wa asubuhi akapunguza mwendo: "Mama, hata kalisoni ya mie iko na matobo, unisaidie!" Mwingine akasema "Sawa, Solange," na bibi yake akamupiga.

Na mujue, wivu haijatoka. Nawaambia ukweli. Ile mukate imekaa na bwana yangu siku ngapi, inaambiwa polepole, inaambiwa punguza. Na mie? Nilijiambia akirudi, hakuna neno. Hata chumvi hakuna.

Sasa hivi, jua linashuka, nimesikia viatu vyake. Mikono imejaa: wamemupa nyama na sahani ya fromage. Hawezi kugonga. Akasimama nje ku mulango, akakohoa. Halafu, polepole, na ile sauti ya Jumapili:

"Solange. Fungua mulango."

Eeh, nilikuwa nimeapa! Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, nimeyapanga kama sambaza!

Mudomo ukafunguka peke yake:

"Sawa, Justin."

Na nikafungua. Mara ya kwanza. Bila kubisha.

Mwenye atacheka, ajue bado sauti ninayo, na mwiko bado haijaoshwa.